Sita au Ishirini na Saba

Mashine namba nne haina adabu. Ukiibembeleza inagoma, ukiiharakisha inabana, na kila mara inataka mkono wa kulia uingie kuweka bati, utoke, ndipo mguu ukanyage. Mkono ukichelewa, shauri yako. Mama Mifuniko alianza kuikanyaga mwanawe wa kwanza akiwa anatambaa, na sasa mwanawe huyo ana mtoto anayetambaa. Asubuhi hiyo alikuwa ameshatoa mifuniko ya sufuria mia mbili, ganzi ikapanda tena kutoka kwenye vigutu viwili vya vidole hadi kiwikoni. Akaondoa mguu haraka.

"Umeshikwa tena?" shoga yake wa namba tano alimpigia kelele, maana kiwandani humo hakuna anayenong'ona.

"Mkono siusikii kabisa. Sijui uko ndani au nje."

"Wewe mama! Nenda ofisini leo leo. Au unangoja viishe vyote?"

Kanuni ilikuwa imebandikwa ubaoni, kwa herufi kubwa: mwenye miaka kumi kazini, akiwa ameumia kazini, apewe kazi nyepesi. Mama Mifuniko hakuwa anaomba makubwa. Alitaka kuhamishiwa meza ya kufungasha kabla namba nne haijala kidole cha tatu.

Siku yenyewe ilionekana njema. Kiwanda kilikuwa kinatimiza miaka sabini. Uani kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na bango refu kuliko geti: MIAKA SABINI YA KAMPUNI YETU. Chini yake zilipangwa picha, na moja ilikuwa yake, akiwa mbichi bado, mashavu yamejaa, vidole kumi kamili, amesimama kando ya namba nne. Wameandika: "Hazina yetu. Miaka ishirini na saba kazini." Alijitazama, akacheka peke yake. Akaona, haya, leo mambo yamenyooka.

Akaingia ofisini. Karani wa wafanyakazi, kijana mpole mwenye kola iliyopigwa pasi, akafungua jalada la mama huyo.

"Mama, hapa una miaka sita."

"Sita ya nini?"

"Ya kazi. Kampuni hii ilinunua kiwanda miaka sita iliyopita. Ndipo ulipoajiriwa."

"Nani kaniajiri, mwanangu? Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Walikuja watu wakabadilisha kibao cha getini, sisi tukaendelea kupiga mifuniko. Hata chai yetu haikupoa."

"Nakuelewa, mama. Ila kisheria, ile ilikuwa kampuni nyingine."

"Na vidole?"

Karani akapekua. "Uliumia miaka tisa iliyopita. Hivyo ni vya kampuni ile."

"Iko wapi niifuate?"

"Haipo."

Mama Mifuniko akatazama dirishani, bango likipigwa na upepo. "Sasa hiyo sabini ni ya nani?"

Kijana naye akageuka, akalisoma bango lote kana kwamba limetundikwa dakika hiyo. "Hiyo... hiyo ni ya sherehe, mama."

Alirudi kwenye mashine kichwa kikimzunguka. Nyumbani kwake kulikuwa na sufuria tatu: moja ina muhuri wa jogoo, nyingine nyota, nyingine herufi za hawa wa sasa. Wenye mali watatu, mashine moja, mkono mmoja. Mtu akibadilishwa jina, jamani, anazaliwa upya? Wala hakuwa na hasira. Alikuwa amechanganyikiwa tu, tena akijilaumu, akidhani ipo hesabu ambayo waliosoma wanaijua na yeye imempita.

Msimamizi akamjia mbio. "Mama, saa nane unapanda jukwaani. Ukiulizwa miaka, sema ishirini na saba."

"Ofisini wameniambia sita."

"Sita ni ya ofisini. Hii ni ya jukwaani. Usije ukatuaibisha mbele ya wageni!"

Saa nane ikafika. Mkurugenzi akamshika bega kwa upole, akamsogezea kipaza sauti. "Mama yetu, waambie wageni. Umekuwa nasi miaka mingapi?"

Akisema ishirini na saba, karani yule pale, atamwona mwongo. Akisema sita, msimamizi huyu hapa, amemkodolea macho.

"Samahani, bosi," akasema, na kweli alikuwa anauliza. "Naomba kuelekezwa. Kwenye picha nina ishirini na saba. Ofisini nina sita. Na mimi nataka kwenda kufungasha, mkono huu umenishinda. Nishike hesabu ipi?"

Mgeni mmoja wa mbele akacheka, akidhani ni utani, na wengine wakadakia. Mkurugenzi akacheka kuwazidi wote. "Huyu mama ana vituko!" Akampa cheti ndani ya fremu na sufuria mpya yenye mfuniko. Mfuniko aliutambua. Aliupiga mwenyewe Jumatatu. Ukingoni ulikuwa na ule mkwaruzo ambao namba nne haikosi kuutia.

Alikisoma cheti akishuka ngazi. "Kwa kuitumikia kampuni kwa miaka......" Halafu nukta, basi.

"Pako wazi hapa," alimwambia msimamizi.

"Utajaza mwenyewe nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Alirudi kwenye dirisha la karani, akakilaza cheti mbele yake.

"Jaza."

"Nijaze nini, mama?"

"Si ndicho nilichokuja kuuliza tangu asubuhi? Andika sita, nikawaonyeshe wageni kabla hawajaondoka. Andika ishirini na saba, kesho nianze kufungasha."

Karani akachukua kalamu. Akautazama mlango wa mkurugenzi, akaitua. "Njoo kesho, mama. Nakuomba."

"Kesho mkono utakuwa kwenye namba nne."

Akaweka sufuria sakafuni, akaketi kwenye benchi mbele ya dirisha, mkono mbovu mapajani. Uani walikuwa wanakunja turubai. Kengele ya kurudi kazini ikalia, mashine zikaanza kugonga moja moja, namba tano, namba sita, zote isipokuwa moja. Karani akamtazama. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba, au sita, Mama Mifuniko hakuinuka.