Kichupa Kilichoonekana Kitupu

Nilikiinua kile kichupa kwenye mwanga wa dirisha, nikakigeuza huku na huku, na ndani sikuona kitu. Hata vumbi halikuwamo. Nikafungua bomba, nikakisuuza mara tatu kama nilivyosuuza vyote, nikakiinamisha juu ya kitambaa kikauke. Nilikuwa nikiimba pambio. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: nilikuwa na furaha.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, Msambweni, katika maabara ndogo iliyochunguza ugonjwa wa matende. Mimi, Munyoki, Mkamba wa mashamba ya makazi tuliyogawiwa na serikali, nilifagia na kuosha vyombo. Vichupa vilikuwa adimu. Kila kilichokwisha kazi kilirudi kwangu. Jioni nilihudhuria darasa la ngumbaru nyuma ya kanisa, na katika umri wa miaka arobaini na miwili herufi zilikuwa zimeanza kunitii.

Aliyenielezea mambo ya pale ni Subira, binti wa Kidigo, fundi wa maabara.

"Sikiza, mlokole wetu," aliniambia siku sanduku lilipofika kutoka ng'ambo limejaa barafu. "Chembe nyeupe za damu hazitembei ovyo. Kuna protini inayoziita, nazo hutoka mshipani zikaifuata, kama sisimizi na sukari. Daktari anataka kujua kwa nini za wagonjwa wetu hupotea njia."

"Na hiyo protini imetolewa kwa mtu gani?"

"Haikutolewa kwa mtu. Ni ya binadamu, lakini imetengenezwa na vijidudu. Vimefundishwa."

"Vijidudu vitengeneze kitu cha mtu?"

"Muulize Mungu wako, wangu nishamuuliza," akacheka. "Wewe osha vyombo."

Hakuniambia, wala mimi sikuuliza, kwamba protini yenyewe ni kidogo mno, na ikikaushwa jicho halioni kitu. Asubuhi ile ya pambio alikuwa amekitoa kichupa chenye protini hiyo kwenye friza, akakiweka mezani kitoke baridi, kisha akaenda kuwatoa damu wagonjwa waliotoka Majoreni tangu alfajiri. Damu ile ilitakiwa itumike siku hiyo hiyo.

Aliporudi alitafuta mezani, akatafuta droo, akapiga magoti akachungulia chini ya friji. Hapo ndipo nilipojua nilichokiosha. Damu ya watu wa Majoreni ikamwagwa, nao wakarudi kwao na miguu yao mizito.

"Wewe ndiwe uliyekitilia saini," alisema Daktari Jefwa. Hakupandisha sauti. "Na kichupa hakina miguu, Subira."

Ningesema. Lakini nilimwaza mke wangu Wayua, na kazi ile niliyoiombea miaka mitatu. Nikanyamaza. Nikamnyamazia Subira, ambaye mwaka uliotangulia, watu wa bara tulipokuwa tukifukuzwa pwani, mama yake alituficha jikoni kwake siku tisa, mimi na Wayua, na kila aliyekuja kuuliza akamwambia, "Humu mna kuni tu."

Kila asubuhi wafanyakazi tulianza kazi kwa dua, Waislamu na Wakristo kwa zamu. Alhamisi ilikuwa zamu yangu. Nilifumba macho nikamwomba Mungu, kwa sauti, amguse moyo yeyote aliyeficha ukweli.

"Amin," alisema Subira. Tulipotoka akanishika mkono. "Ahsante, kaka Munyoki. Usichoke kuniombea."

Jumamosi alipewa barua ya kuachishwa kazi.

Jumatatu niligonga mlango wa daktari, nikasema yote nikiwa nimeushika ufagio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kukiosha ni kosa letu, hatukukufundisha," alisema. "Lakini siku hizi zote, mzee?"

Akaandika barua nyingine ya kumrudisha Subira kazini, akanipa. "Mpelekee mwenyewe."

Nilimkuta Subira uani kwao akipepeta mchele. Nikamwambia kabla ya kumpa barua, nikihofia nikitanguliza barua nitapunguza maneno. Ungo ulisimama hewani.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Ulipopiga magoti."

"Kabla ya dua."

"Kabla ya dua."

Aliisoma barua, akaikunja, akaiweka chini ya ungo isipeperuke. "Ungeniambia mimi kwanza," alisema, "ningekwambia twende kwa daktari pamoja, tukaseme tumekiosha sote wawili." Akachambua chuya moja, akaitupa. "Dua ile niliitikia, Munyoki."

Hakuniita kaka.

Mama yake akatokea mlangoni, uso umejaa furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Wayua hajambo? Mbona umesimamishwa juani kama mdai? Subira, mpe nduguyo kiti."

Subira akaondoka, akaingia ndani, nami nikabaki nimesimama uani, nisijue kama amekwenda kuleta kiti.