Mawe ya Mwankoko Yalimpisha Zabibu

Alfajiri ile Zabibu alijihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake cha magurudumu, akajifunga kanga, akanywa uji wa ulezi uliobaki jana, akafungua mlango. Mawe yalikuwa yamempisha. Yale makubwa kuliko nyumba, yaliyoziba njia ya kwenda barabarani tangu enzi za mababu, yalikuwa yamesogea huku na huku, katikati yameacha njia ngumu isiyo na mchanga.

Jirani yake, Anastazia, alikuwa nje tayari, amekasirika kidogo.

"Niliuanika mtama wangu juu ya lile pale," alisema. "Sasa limeupeleka kwenye kiwanja cha watu."

"Pole, mama."

"Wewe pita tu, utachelewa baraza."

Zabibu alizaliwa na miguu isiyobeba mwili. Mama yake ndiye aliyekuwa akimvusha mawe hayo mgongoni, hata alipokuwa mtu mzima, hata mama mwenyewe alipokuwa hana pumzi. Kabla ya kufa alimwachia Zabibu shamba la alizeti lililozunguka nyumba, ndugu wote wakisikia. Arobaini ilipopita tu, Mansuri, mdogo wake, akaweka mipaka mipya hadi mlangoni pa dada yake.

"Wewe utalimaje?" alimwuliza, ingawa alikuwa amemwona miaka yote akipalilia amekaa chini, akijiburuta tuta hadi tuta.

Ndipo Zabibu akapeleka malalamiko kwenye baraza la ardhi.

Alikiendesha kiti mwenyewe hadi mjini. Kila jiwe lililokuwa mbele yake lilijiviringisha pembeni. Waendesha bodaboda wakamfuata nyuma, maana njia yake ilikuwa nzuri.

Baraza lilikaa ghorofani. Ngazi zilikuwa za saruji.

"Panda, mama, wameshaanza," mlinzi alimwambia.

"Nitapandaje?"

Mlinzi akazitazama ngazi, akakitazama kiti. "Hapo sasa," alisema, akaketi.

Jiwe moja lililomfuata toka kijijini kwake Mwankoko likasogea hadi kwenye ngazi ya chini, likaisukuma kwa nguvu zake zote. Saruji haikutikisika. Mlinzi akaliomba jiwe lisikae hapo, ni maegesho ya gari la mwenyekiti. Likasogea.

Zabibu akashuka kwenye kiti, akaanza kupanda kwa viganja, akigeuza mgongo na kujivuta ngazi moja moja. Kanga ilimvuka. Watu waliokuwa wakishuka walimpa pole na kumpita. Hakuwa amefika hata nusu aliposikia jina lake likiitwa juu.

"Nipo!" aliitika.

Likaitwa tena.

"Nipo! Ninakuja!"

Karani akachungulia mlangoni, akamwona, akarudi ndani.

"Yuko kwenye ngazi," alisema.

"Kwenye ngazi si barazani," sauti ya mwenyekiti ilijibu. "Mlalamikaji hakufika. Shauri limefutwa."

Zabibu aliyasikia maneno hayo vizuri kabisa. Alikaa hapohapo, kanga mapajani, akilia bila kujifuta kwa sababu viganja vilikuwa vinatoka damu.

Mansuri akatoka. Ngazi zilikuwa nyembamba, ilibidi amruke.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ulinisikia nikiitika?"

Mansuri akasimama ngazi ya chini yake, akaikung'uta suruali.

"Nilisikia," alisema, akashuka.

Mvua za kwanza ziliponyesha Mansuri alileta jembe la ng'ombe. Alianzia upande wa barabara, akaja mstari kwa mstari hadi ukutani pa nyumba. Zabibu alikuwa amekaa mlangoni. Ng'ombe walipofika mbele yake hawakuwa na nafasi, wakasimama, wakamtazama.

"Dada," Mansuri aliita kwa heshima, "tunaomba njia kidogo."

Zabibu akashika magurudumu, akarudi ndani, ng'ombe wakapata pa kugeukia.