Kupita Msibani

Mwaka 1990 nilikuwa mwalimu wa hesabu, umri miaka thelathini na minne, tumbo limeanza kujitokeza, na sikuwahi kwenda kwa baiskeli mbali zaidi ya Muhutwe, karibu na kwetu. Halafu nikajitokeza kuendesha kutoka Bukoba hadi Biharamulo, karibu kilomita mia mbili. Mtu yeyote mwenye akili angenicheka, na dada yangu Felicitas alinicheka kwa niaba ya wote.

"Unakanyaga kama mtu anayekamua ndizi za pombe," aliniambia kutoka kwenye mkeka wake barazani. "Watakupita hata wanaotembea kwa miguu."

Alikuwa amerudi kutoka kisiwa cha Goziba, alikokuwa akinunua samaki, akiwa na uzito wa mtoto wa darasa la nne. Kinywa kilijaa vidonda, hata uji ulimliza. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Sista Bernadeta, mwuguzi wa misheni, alikuwa na dawa za kumpunguzia maumivu, ila gari lake moja liliishia kwa wagonjwa wa Bukoba. Wafadhili waliahidi la pili kama safari ile ya baiskeli ingefanyika, na Sista akaahidi kwamba gari hilo litafika katika kila kijiji kitakachotoa mwendeshaji. Kabla ya kuandikwa ilibidi uonyeshe unaweza: utoke Kitendaguro, pembeni mwa Bukoba, saa moja asubuhi, ufike kanisani Kagoma kabla ya saa sita. Karibu kilomita hamsini, changarawe na vilima.

Kijijini kwetu Kagoma tulijitokeza wawili, mimi na Bashiri, fundi cherehani. Baiskeli yangu ilikuwa Phoenix ya marehemu baba, iliyonusurika vita. Tairi la nyuma alinipa Navnit wa dukani Bukoba, akanikatiza nilipoanza kumshukuru.

Nilifanya mazoezi wiki sita, kila siku baada ya shule. Miguu haikunishinda. Kilichonishinda ni misiba. Kwetu mtu hapiti msibani akiwa juu ya baiskeli. Anashuka, anaiegesha, anakaa kwenye majani na wafiwa hata kama hawajui, ndipo anaomba ruhusa ya kuondoka. Zamani za wazazi wetu ungeshuka labda mara moja kwa mwezi. Mwaka ule nilishuka mara tatu, mara nne, kwa jioni moja. Nakaa, natoa pole, napanda tena misuli ikiwa imeshapoa, na kabla sijashika mwendo naona watu wengine wamekaa uani. Nilikuwa na hasira. Mungu anisamehe, niliwakasirikia marehemu kana kwamba walikufa makusudi ili kunichelewesha.

Jaribio la kwanza tulishuka kwenye misiba saba, tukafika Kagoma saa nane. Sista Bernadeta alitutazama kwa huruma, akasema tungejaribu mara moja tu tena, Jumamosi iliyofuata.

"Kwa hiyo gari haliji," Felicitas alisema nilipomsimulia. Safari hii hakucheka.

"Litakuja."

"Usinidanganye, waitu, ndugu yangu. Kila siku nalala hapa nasikiliza barabara. Kama haliji, niambie niache kusikiliza."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikaamua kwamba Jumamosi sitashuka.

Nilijifundisha namna yake: ukikaribia msiba, inamisha kichwa, tazama gurudumu la mbele, usiinue macho mpaka sauti zibaki nyuma. Usichokiona hujakipita. Mwanafunzi akiniletea hesabu ya namna hiyo ningempa sifuri.

Ijumaa tulilala Kitendaguro, asubuhi tukaondoka pamoja. Msiba wa kwanza haukuwa mbali. Bashiri alishuka.

"Mwalimu," aliniita. "Mwalimu."

Nikaendelea kukanyaga. Mzee mmoja alisimama kwenye majani akauliza kwa sauti mimi ni mtoto wa nani. Nikatazama gurudumu. Kwenye msiba wa pili niliona aibu, wa tatu nikaona aibu kidogo. Kufika wa tano sikuona kitu tena isipokuwa miguu yangu, na hilo likanitisha kwa muda, kisha hata hofu yenyewe ikaisha.

Saa tano na nusu nilikuwa kwenye kilima cha mwisho, kanisa linaonekana juu. Nikasikia kilio upande wa kushoto. Nyumba yetu iko kushoto. Lakini hata ya jirani yetu Buberwa iko kushoto, na mke wake alikuwa hajainuka kitandani tangu Pasaka, na mbele kidogo zilikuwepo nyumba mbili nyingine zenye wagonjwa. Siku zile kilio kikisikika, ulikuwa na nyumba nyingi za kukisingizia. Nikakipeleka kwa Buberwa. Nilidhani nimesikia jina langu. Nikainamisha kichwa, nikakanyaga kwa nguvu zote.

Sista Bernadeta alitazama saa yake, akaandika.

"Kagoma imeingia," alisema. "Safari ikishafanyika, gari litaanza kuja mwezi ujao, Mwalimu."

"Waanzie kwetu, Sista. Tafadhali waanzie kwetu."

Akaandika na hilo. Nilicheka peke yangu kama mlevi. Nikaanza kuteremka kwenda nyumbani nikikokota baiskeli, kwa sababu miguu ilikuwa imeisha kabisa, huku nikitafuta maneno ya kumwambia Felicitas.

Watu walikuwa wamekaa kwenye majani uani kwetu. Buberwa alikuwa miongoni mwao, na alikuwa wa kwanza kunipisha.

Mama alitoka ndani, khanga imefungwa kiunoni, uso umevimba. Alinishika mkono akawageukia watu.

"Huyu hapa," aliwaambia. "Nilimwita akanipita mbio, hakusimama. Alikwishajua. Alikuwa anamkimbilia padre."

Kisha akachungulia barabarani nyuma yangu.

"Padre yuko wapi?"

"Anakuja, Mama," nikasema, nikakaa.