Mkanda wa Gari la Mama

Fundi alilipiga gari jeki, akafungua tairi la mbele la kulia, akasogeza ndoo ya nati karibu. Gari lilikuwa kuukuu. Nesi aliyelileta alikuwa amepewa na baba yake, naye baba aliapa mbingu na ardhi kwamba mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini, ni mpya. Fundi hakuwa mtu wa kuambiwa. Akafungua kifuniko cha mkanda.

Kifuniko kilipotoka, marehemu mama yake nesi akatoka nacho. Akajipangusa vumbi, akashika taa.

"Shikamoo, mama," nesi akasema.

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Mama, inua taa kidogo," fundi akasema, maana alikuwa amemtilia kivuli.

Mkanda ulikuwa umechanikachanika, na meno mengine hayapo.

"Ndio huohuo," mama akasema. "Nilimwambia baba yako aubadilishe, akasema tayari. Kule mteremkoni ukaruka meno, gari likazima, breki zikawa ngumu kama jiwe. Nilipokufa, yeye akaurudishia huohuo."

Msibani ilisemwa kwamba mama hakujua kuendesha, na mpaka leo ndivyo inavyosemwa. Roho ilimuuma fundi. Aliufunga mkanda mpya, akaukaza kwa hasira, kisha akaulegeza na kuukaza upya, kwa sababu mkanda uliokazwa kwa hasira hulia njia nzima. Akahakikisha alama zote zimekutana, akaizungusha injini kwa mkono kabla ya kugusa swichi. Ilipowashwa iliitika mara moja. Alijua itaitika. Akarudisha kifuniko na tairi, akalishusha gari chini.

Baba akafika. Akampungia marehemu mkewe mkono, akautazama mkanda wa zamani.

"Huu ulikuwa mpya," akasema.

"Mzee, umekwisha huu."

"Nyie mafundi, kwenu kila kitu kibovu."

Mama akafungua mlango wa gari. Alikaa kwenye usukani, nesi akafunga mkanda wa kiti pembeni yake. Mama akarudi nyuma kwa kutazama vioo, katikati ya rundo la injini na ukuta, pale ambapo hata fundi mwenyewe hupita akiwa amebana pumzi. Hakugusa kitu. Akawasha indiketa, akapisha baiskeli, akashika njia ya mteremkoni.

Baba aliwatazama mpaka wakapotea.

"Masikini mke wangu," akamwambia fundi. "Angejua kuendesha, angekuwa hai leo."