Nyota za Pembeni

Mwanaidi alikuwa ameinama kwenye banda la kinyozi pale Kharumwa, anaokota nywele za watu na kuzitia kwenye bahasha. Watu wakanong'ona: huyu mama wa pwani ni mchawi wa mchana kweupe! Mageni, aliyekuwa kitini nusu kichwa kimenyolewa, ndiye pekee aliyemuuliza. Akajibiwa kuwa ni mtafiti wa chuo kikuu, anapima zebaki iliyoingia miilini mwa wachimbaji.

"Kumbe mwanasayansi! Basi nyota unazijua."

Wapi! Mwanaidi alikuwa mtu wa kemia, nyota aliziacha shule ya msingi. Mageni hakutaka kusikia. Jioni ile alimkokota hadi kwake, akamwekea jicho kwenye darubini aliyoinunua mnadani, na Mwanaidi alipoziona pete za Zohali alipiga ukelele kama mtoto. Tangu hapo, kila alipokuja kuchukua sampuli, chai ya jioni alinywa kwa Mageni. Yeye alimwita Mageni "profesa", na Mageni alimwita "mayu wa nywele", yaani mama wa nywele kwa Kisukuma. Mke wa Mageni, Mama Noela, alimzoea mpaka anamtuma chumvi dukani.

Safari hii Mageni alikuwa na kero.

"Waandikie wakubwa, mayu. Taa za mgodi zinatuibia nyota. Zinapotea kuanzia pembeni, sasa zimebaki za katikati tu."

Mwanaidi akatazama juu. Nyota zilikuwa zimejaa hadi kwenye mapaa ya nyumba. Majibu ya nywele za Mageni alikuwa nayo tangu asubuhi, na yalikuwa mabaya.

"Nitazame usoni, usigeuke," akasema. Akanyoosha mkono kando, akawa anachezesha vidole huku akivisogeza mbele polepole. "Ukiviona, sema."

Vilikaribia kumgusa shavu ndipo Mageni akasema, "Hivyo hapo."

"Taa hazina kosa, rafiki yangu. Ni macho yako. Ni zebaki."

"Yatapona?"

Alitamani kumdanganya, ulimi ukakataa. "Palipokufa hapaponi. Ukiacha kuchoma dhahabu na kuvuta moshi wa zebaki yake, huenda palipobaki pakabaki."

Mageni akainamisha uso. Mwanaidi akadhani analilia nyota zake, na yeye machozi yakamtoka.

"Mimi niliacha kuchoma mwaka jana, mikono ilipoanza kutetemeka," Mageni akasema. "Siku hizi anachoma Mama Noela. Jikoni, mlango kaufunga, upepo usimsumbue."

Akamwita. Mama Noela akaja na mtoto mgongoni, anajifuta mikono kwenye kanga. Alipoambiwa akae kigodani amtazame Mwanaidi usoni, akacheka. "Leo na mimi napimwa!"

Mwanaidi alitaka kuinua mkono, Mageni akamzuia. Akasimama mwenyewe kando ya mkewe, akanyoosha vidole vyake vinavyotetemeka, akavisogeza mpaka vikafika usawa wa shavu la mkewe.

Mama Noela alingoja, akitabasamu.

"Haya, si muanze?" akasema.