Mpira Uliochomoka

Sikuwa na cheti cha shule ya mchana. Changu nilikipata darasa la usiku, baada ya kushinda kiwandani. Sikuwa tena na umri wa kuanza uuguzi. Sikuwa na koti jeupe lililofungika kifuani. Wala sikuwa na imani na mtu yeyote aliyenitabasamia.

Kwa hiyo mwalimu alipotukalisha duara, mgonjwa wetu wa plastiki akiwa ametoka tu kufa mikononi mwetu, nilitazama kwanza kamera ya ukutani. Chuo kilikuwa kinapunguza wanafunzi.

"Hapa hakuna hukumu," mwalimu alisema. "Tunatathmini zoezi tu. Semeni mlichokiona."

Maneno hayo niliwahi kuyasikia kiwandani, asubuhi waliyofukuzwa wenzangu. Nikafunga mdomo.

Nilikuwa nimeona vizuri. Mpira wa oksijeni ulikuwa umechomoka ukutani, unaning'inia. Nikajiambia huo ni mtego, wanataka kuona mzee atagusa nini bila kuamriwa. Nikaendelea kumkandamiza mgonjwa kifua, jasho likinitoka bure.

"Mjomba, mwenye mvi ndiye afungue kikao," alinichokoza binti aliyekuwa akipima mapigo ya moyo.

"Mvi si ufunguo, mwanangu."

Wengine walicheka. Yeye akainamisha kichwa. "Basi nitasema mimi. Mpira ulichomoka, na niliuona. Nikadhani Mwalimu ametutega."

"Hata mimi," alisema kijana tuliyemwita Dokta kwa ajili ya miwani yake.

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Sikuuchomoa mimi. Ulichomoka wenyewe. Nilikaa nyuma ya kioo nikisubiri mmoja wenu aseme."

Nilimchambua uso kama anayetafuta kokoto kwenye mchele. Uongo sikuupata, na hilo likanizidishia shaka. Mpaka leo, mvi zangu zimeondoka pamoja na nywele zenyewe, sijui kama alisema kweli.

Kisha akatugawia karatasi na bahasha. Tuwaandikie ndugu wa marehemu, tueleze kilichomuua, tutie sahihi, tutumbukize kwenye sanduku la barua la mkuu wa chuo.

"Marehemu ni plastiki, Mwalimu," Dokta alisema.

"Wa wodini si plastiki."

Karatasi yenye sahihi! Ushahidi gani tena wangehitaji? Dokta aliandika kwamba mashine iligoma. Binti aliandika, akafuta, akaandika tena.

Mimi niliandika: *Niliuona mpira. Nilinyamaza kwa kujihofia mimi, si kwa kumhofia yeye.* Nikaweka jina langu, na la baba yangu, kwa herufi kubwa. Nikalamba gundi, nikaibana bahasha, nikaisukuma ndani ya sanduku kabla mkono haujanisaliti.