Picha Kumi na Moja za Cassien

Kocha Valens si mtu wa kuzungusha maneno. Alimwambia Liliane wazi kwamba Jumamosi atamrusha mara tatu, na akimwona hata mara moja akinyoosha mkono kujizuia, basi judo ndiyo imeishia hapo, maana yeye hataki kuvunja watoto wa watu. Mkono ulionyooshwa ndio uliofanya Liliane avunjike mtulinga mwaka jana. Na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: tangu apone, kila akiinuliwa, mkono unatangulia wenyewe.

Asije akasema hakusaidiwa, Valens alimwazima picha kumi na moja za zamani, zilizopigwa Bujumbura. Nyuma ya kila moja paliandikwa: Cassien, 1986. Huyo ndiye aliyemfundisha Valens, na kwa kurusha watu kwa nyonga hakuwa na mwenzake.

Liliane alizipanga juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwenye karakana ya mama yake kule Gisozi wanakovalisha masofa, akazikodolea macho siku tatu: miguu ya Cassien, nyonga ya Cassien, mikono ya Cassien. Mama yake, Gaudiose, aliyekulia Bujumbura, alikuwa akipita na mkasi wake bila kuzitazama. Alipoulizwa kama alimjua mtu huyo, alijibu kwamba usichanani alikuwa akifagia ule ukumbi wao wa judo, basi, na kwamba sofa ya mteja haijishoni yenyewe.

Alhamisi mchana Liliane alijipiga kofi kwenye paji la uso. Mjinga yeye! Alikuwa akimsoma mrushaji, na shida yake ni kuanguka. Akaanza upya, safari hii akimtazama yule wa chini, asiyeandikwa jina wala kuonekana uso vizuri katika picha hata moja. Kazi yake ilikuwa safi ajabu. Kidevu kifuani, mgongo umeviringika, na mkono haukunyooka kuitafuta sakafu. Uliipiga kwa pembeni, wote kuanzia kiganja hadi kiwiko, wakati uleule mwili unapotua. Picha ya saba ilipigwa kwa karibu. Kiganja kilikuwa kimetandazwa kwenye godoro, na kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje kama ndoano.

Liliane aliinua macho. Upande wa pili wa meza, kiganja kilekile kilikuwa kikilaza kitambaa cha kijani.

"Mama," alisema, akiisukuma picha, "hii kidole ni ya nani?"

Gaudiose aliitazama picha, akautazama mkono wake, akacheka kidogo kama mtu aliyekamatwa.

"Nilikuwa nafagia kweli," alisema. "Halafu Cassien akakosa mtu wa kurusha. Mwaka mzima ananirusha mimi. Lakini nani anaulizaka jina ya mwenye kuanguka?"

Liliane alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Hakupewa nafasi. Mama wa miaka hamsini na saba aliweka mkasi, akakaza kitenge kiunoni, akawaamuru mafundi wateremshe sponji nne sakafuni. Akajitupa chali. Paa! Maseremala wa jirani waliacha misumeno wakaja kuchungulia, wakamkuta ameshasimama, anajipangusa vumbi, macho yanang'aa. Anayeizuia ardhi ndiye huvunjika, alimweleza binti yake. Ardhi unaipiga wewe kabla haijakupiga. Kisha akamwambia ni zamu yake. Mara ya kumi na tisa, mkono wa Liliane ulisahau kutangulia. Alipiga kelele ya furaha, akarudia, na mama yake akamfuata, wakaanguka pamoja mpaka sponji ya mteja ikapasuka, na hakuna aliyeijali.

Jumamosi Valens alimrusha mara tatu. Paa, paa, paa. Mkono haukunyooka. Ya tatu Liliane aliinuka akicheka waziwazi, na kocha, ambaye kutabasamu kwake ni kwa msimu, akatabasamu na kuuliza nani amemfundisha.

Kutoka kwenye benchi Gaudiose alisema kwamba ile ya pili kidevu kilichelewa. Kisha akazitoa zile picha, akaomba kalamu. Akazigeuza picha moja moja, zote kumi na moja, na pembeni ya jina la Cassien akaandika la kwake, taratibu, huku klabu nzima ikisubiri.